Mpeleke Kushoto

Jumatano, 7 Januari

Tumepata kocha mpya wa mpira wa vikapu. Anaitwa Mwalimu Nthiga, ametoka Embu kuja kufundisha Hesabu katika shule yetu ya Nkarimbu, hapa Mikinduri. Ni mwembamba, sauti yake ndogo, na leo alikuja uwanjani mikono mitupu. Tulidhani atatuma mtu stoo alete mpira. Hakutuma. Alituambia tukunje magoti, tupanue mikono, kisha twende kiubavu kutoka mstari huu hadi ule bila miguu kugusana. Tukaenda na kurudi mpaka kengele ya kuoga ikalia. Mapaja yananiwaka hata nikiwa nimekaa.

Kinya, kapteni wetu, alimuuliza mpira utakuja lini.

"Mkishajua kusimama," akasema.

Alhamisi, 8 Januari

Hakuna mpira.

Ijumaa, 9 Januari

Hakuna mpira. Kinya anasema ataenda kumwona mwalimu mkuu.

Jumanne, 13 Januari

Mpira umetoka stoo, mmoja tu, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeushika.

Tangu niingie timu hii tumekuwa tukicheza zoni. Kila mtu analinda mahali pake kama anayelinda kipande cha shamba: anayeingia ni wako, anayetoka si shida yako. Na kila mwaka tunafika michezo ya kaunti, tunakutana na wasichana wanaojua kurusha kutoka mbali, tunarudi Mikinduri kabla ya chakula cha jioni. Mwalimu Nthiga amesema zoni imekwisha. Sasa ni mtu kwa mtu. Kila mmoja anapewa mtu wake na anakaa naye.

"Akienda kunywa maji, nenda naye," alisema. Tulicheka. Yeye hakucheka. "Kaa kati yake na kikapu. Usiangalie macho yake, usiangalie mpira, vyote vitakudanganya. Angalia kiuno. Kiuno kikienda, mtu ameenda."

Alinipa Kinya. Mimi ndiye mfupi kuliko wote na niko kidato cha tatu. Kinya yuko cha nne, na ndiye anayetufungia vikapu. Alinipita kulia, akanipita tena kulia, akanipita mpaka wengine wakachoka kutazama.

"Huyu ni kama mlango wa choo cha soko," aliwaambia. "Unasukuma tu."

Jumanne, 20 Januari

Mwalimu aliniita kabla ya mazoezi. Nilidhani ananitoa kwenye timu.

"Unajua kwa nini nakupa Kinya kila siku?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wenzako wanaurukia mpira. Wewe huurukii. Unapitwa kwa sababu unampa mkono anaoupenda." Alisimama mbele yangu kama mchezaji. "Mtu wa mkono wa kulia, mzibie kulia kwa mwili wako. Mwachie kushoto peke yake. Mpeleke kushoto, mpeleke kushoto, mpaka achoke."

Leo Kinya alinipita mara chache kuliko jana. Hakusema chochote kuhusu choo.

Jumatano, 28 Januari

Jua kali, hakuna hata wingu upande wa milima ya Nyambene.

Tulicheza wanne kwa wanne. Nilipitwa na msichana mmoja wa Gredi ya Kumi. Kinya alikuwa pale pale karibu na kikapu akamwacha apite na kufunga. Mwalimu alisimamisha mchezo.

"Kinya, mpira umepita mbele yako."

"Huyo si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa Kathambi."

"Kathambi amepitwa. Sasa ni wa nani?"

Tukasimama hapo juani, jasho likitutoka, mpaka Kinya akasema kwa sauti ya chini, "Wangu." Mchezo ukaendelea, na baadaye alinikanyaga kidole kwa kusudi. Simpendi Kinya. Anacheza kama sisi wengine ni nguzo za uwanja.

Jumamosi, 7 Februari

Michezo ya kaunti ndogo. Tumeshinda zote. Nilipewa msichana mrefu anayeogopwa na kila shule, nikamganda mechi nzima, akafunga vikapu viwili tu. Kinya alinipitishia chupa ya maji bila kuniangalia. Aliniachia nusu.

Jumatatu, 16 Februari

Mazoezi. Mazoezi. Nimeota natembea kiubavu.

Ijumaa, 27 Februari. Gachoka

Likizo fupi, nimekuja kwa Mama. Wazazi wetu waliachana nikiwa darasa la saba. Mimi nilibaki Mikinduri na Baba na miraa yake, dada yangu Igoki akaja huku na Mama, ambaye anauza ndengu na kunde sokoni. Igoki yuko kidato cha nne katika shule ya kutwa ya Ngunyiri, na ukiuliza mtu yeyote anayejua mpira wa vikapu kuanzia hapa hadi Embu mjini, atakutajia jina lake. Mimi nilianza kucheza kwa sababu yake.

Jioni, jua lilipopoa, tulitoka na mpira wake uwanjani nyuma ya nyumba, kwenye vumbi.

"Nionyeshe mnachofundishwa na huyo mwalimu wenu," akasema.

Nikakunja magoti. Kwa mazoea tu nikamzibia kulia. Akacheka, akaenda kushoto, akaanguka chini kama aliyekatwa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye vumbi ameshika goti la kulia, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

Alinivuta nyuma ya tangi la maji akakunja suruali. Goti lilikuwa limefungwa bandeji, na chini ya bandeji limevimba. Januari aliruka akatua vibaya, akasikia kitu kikilia ndani. Aliingia kliniki moja Embu akimdanganya Mama kwamba anakwenda kufuata kitambulisho. Walimwambia kuna kano imechanika kidogo, apumzike, apigwe picha, na asipopumzika itakatika kabisa.

"Na kocha wenu?"

"Hajui. Mama hajui. Ni wewe peke yako." Alishusha suruali. "Kuna kocha wa chuo kikuu kimoja Nairobi anakuja michezo ya eneo. Ameniulizia kwa jina, Kathambi. Anatafuta wasichana wawili wa kusomeshwa bure. Nikikaa chini sasa, nimekaa chini. Nitapanga ndengu na Mama mpaka nizeeke."

"Na ikikatika?"

"Haitakatika. Nikienda kulia haliniumi. Ni kushoto tu, kwa sababu nasukuma na huu." Alinishika mkono. "Usimwambie mtu. Sema hutasema."

Nilisema sitasema.

Jumapili, 1 Machi

Nimerudi shule. Mama alinifungia kunde kwenye gazeti, akanisindikiza hadi barabarani akiniuliza kama Igoki ameniambia ana shida gani, maana siku hizi anapanda ngazi za kanisa kama mzee. Nilimwambia labda ni mazoezi.

Jumatano, 4 Machi

Sina la kuandika.

Jumamosi, 7 Machi

Michezo ya kaunti, Meru mjini. Fainali tulikuwa nyuma mpaka robo ya mwisho. Mwalimu hakupiga kelele hata mara moja, aliinua tu kiganja: kaeni na watu wenu. Tuliwaganda mpaka wakaanza kutupa mpira nje. Kinya aliacha mtu wake mara tatu kuja kunisaidia, na kila mara msichana mwingine akafunika pengo lake. Tulikuwa kama kitu kimoja kinachohema. Tumekuwa mabingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza.

Kwenye basi kila mtu aliimba. Niliimba pia. Halafu Mwalimu akasema droo ya michezo ya eneo imetoka: tukivuka kundi letu, nusu fainali tutakutana na Ngunyiri. Wasichana wote waligeuka kunitazama.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Uwanja umejaa maji.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa chakula, meza zimesukumwa ukutani, harufu ya githeri kila mahali. Mwalimu ana tabia ya kumuuliza kila mmoja wetu habari za mtu atakayemlinda. Anatumia mkono gani, akichoka anafanya nini, hapendi nini. Leo aliniuliza mbele ya wote kuhusu Igoki.

Nikasema. Mkono wa kulia. Anapenda kusimama ghafla na kurusha. Akichoka anaomba mpira kwa sauti zaidi.

"Na hapendi nini?"

"Hakuna," nikasema.

Aliniangalia kwa muda. "Haya. Mtu wa mkono wa kulia. Unajua cha kufanya."

Najua. Na nikifanya ninachojua, kila mara atasukuma na ule mguu. Nisipofanya, atatufunga sisi, na Kinya na wenzake wa kidato cha nne hawana mwaka mwingine. Siku nzima kichwa changu kimezunguka hapo hapo.

Alhamisi, 12 Machi

Jioni nilipiga simu ya wanafunzi iliyo nje ya ofisi. Nilimwomba Mama anipe Igoki. Niliongea Kimbeere, lugha ya huko kwa Mama, ili walio kwenye foleni wasinielewe. Nikamuuliza goti linaendeleaje. Akasema vizuri, na kwa jinsi alivyosema nilijua ni vibaya.

Nilipogeuka, Kinya alikuwa nyuma yangu. Neno la goti ni lile lile kwa Kimeru na kwa Kimbeere.

Alinifuata mpaka kwenye kamba za nguo.

"Dadako ameumia."

"Hajaumia."

"Goti gani?"

Macho yangu yalishuka kwenye goti langu la kulia, na yeye si mjinga. Alitazama miguu yake mwenyewe, akajaribu kusukuma na mmoja, kisha na wa pili.

"Mpeleke kushoto tu," akasema. "Si ndivyo tunafundishwa? Hata si makosa. Dakika kumi, atakuwa amekwisha."

"Kinya, ni dada yangu."

"Na mimi hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho," akasema, akaondoka na nguo zake mbichi.

Namchukia.

Jumatatu, 16 Machi

Mwalimu Nthiga aliniita nje ya chumba cha walimu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, ikabidi asogee karibu ili nimsikie.

"Kinya ameniambia kuhusu dadako."

Niliangalia viatu vyake. Vilikuwa na matope mekundu mpaka kwenye kamba.

"Ni goti lipi?"

"La kulia."

Nilimwona anavyopiga hesabu, kama Kinya alivyopiga.

"Na mimi nimekufundisha kumpeleka kila mtu kushoto," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sikiza. Mimi ni mwalimu. Nikishajua mtoto ana jeraha siwezi kujifanya sijui, hata kama si wa shule yangu. Lakini nikimpigia kocha wao, atasema nataka kumtoa mchezaji wake bora. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Mtu wa kusema ni wa kwenu. Mwambie mama yako."

"Niliahidi sitasema."

"Najua uliahidi."

"Na nikikosa kumwambia?"

"Kabla ya mechi yetu nao nitatafuta namba yake nimwambie mimi. Lakini nisingependa asikie kwangu."

Kila siku nilimwona kama mtu asiye na damu, mtu wa mistari na pembe. Leo aliniongelesha kama ananiomba.

Jumatano, 18 Machi

Nilimpigia Mama. Nikamuuliza habari ya soko. Nikamuuliza habari ya mvua. Akasema huko imenyesha, ndengu zimeota. Nikamuuliza habari ya kuku. "Kathambi, kuna nini?" akaniuliza. Nikasema hakuna. Kadi ikaisha.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sijamwambia. Mwalimu haniulizi, lakini kila siku ananiangalia mazoezi yakiisha.

Jumatatu, 23 Machi

Sina usingizi na sina njaa. Kinya anapiga mipira ya adhabu peke yake kila asubuhi kabla ya gwaride.

Alhamisi, 26 Machi. Embu

Tuko hapa tangu jana, tunalala kwenye darasa la shule moja, magodoro yamepangwa sakafuni. Tumevuka kundi.

Leo mchana nilikaa jukwaani nikamtazama Igoki akicheza. Alifunga karibu nusu ya vikapu vyao. Asiyejua angesema ni msichana mwenye madaha tu, anayependa kwenda kulia. Mimi niliona anavyoshuka baada ya kuruka, mguu mmoja kwanza kama anayekanyaga makaa. Mwanamke mwenye kofia ya buluu alikuwa amekaa karibu na meza ya waamuzi, hakumwondolea macho.

Mechi ilipoisha Igoki alinikumbatia. Alikuwa ana joto kama mwenye homa.

"Kesho usinionee huruma," akasema. "Yule kocha wa Nairobi atajua."

"Igoki, mwambie Mama."

"Kesho kutwa. Kesho kutwa nitamwambia mimi mwenyewe." Akanitazama. "Hujasema?"

"Sijasema."

Jumamosi, 28 Machi. Embu

Jana sikuweza kuandika. Naandika asubuhi hii tukisubiri basi.

Jana nilipoamka nilimwendea Mwalimu kabla ya chai, nikamwomba simu. Alinipa, akaenda kusimama mbali, amenipa mgongo. Mama alipopokea nilisikia soko limeshaanza kujaa nyuma yake.

"Mama, ni mimi. Igoki ameumia goti. Tangu Januari. Amekuwa akilifunga bandeji, na kliniki walimwambia apumzike."

Mtu aliuliza bei ya ndengu, na Mama hakumjibu.

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu likizo fupi."

"Haya," akasema, akakata.

Sikujua hiyo haya ni ya kuja ama ya hasira tu. Mechi ilikuwa saa tano. Kabla ya kuanza nilimwona Mwalimu Nthiga akienda kumsemesha kocha wa Ngunyiri. Yule kocha alitabasamu kama mtu anayejua ujanja anapouona. Akamwita Igoki, akamuuliza kitu. Igoki akaruka mara mbili papo hapo, juu kabisa, kumwonyesha. Kisha akageuza kichwa, akanitafuta upande wetu mpaka akanipata.

Mawingu yalikuwa chini lakini mvua haijaanguka. Nilimpata mtu wangu. Nilikunja magoti, nikaangalia kiuno. Na nikamwachia kulia.

Sikupanga. Mwili ulijisogeza wenyewe. Kila alipopata mpira nilisimama upande usio wake, nikamfungulia njia anayoipenda, naye akapita. Alifunga, akafunga tena. Kinya alikuja kusaidia mpaka akawa na faulo tatu. Igoki hakufurahi. Alipokuwa akirudi nyuma alinipita karibu akasema akiwa ameuma meno, "Nilikwambia usinionee huruma."

Mapumzikoni tulikuwa nyuma kwa vikapu vitano. Nilijua Mwalimu atanikemea mbele ya wote. Alichuchumaa mbele yangu.

"Kathambi, unamlinda nani?"

Nilitazama langoni. Mama hakuwapo.

"Nitoe," nikasema.

"Sikutoi. Chukua namba saba. Kinya, chukua Igoki."

Kinya aliniangalia. Hakuwa na furaha usoni kama nilivyotarajia. Alifunga kamba za viatu akaenda.

Robo ya tatu Kinya alimzibia kulia. Alifanya kazi ile safi, bila faulo, bila kumgusa, mwili kati yake na kulia kwake kila wakati. Igoki akaanza kwenda kushoto. Mara ya kwanza alifunga. Mara ya pili alirusha akakosa. Mara ya tatu alisimama katikati ya uwanja ameshika kiuno, akijifanya anapanga mchezo, na niliona mguu wake ukitetemeka. Sisi tulikuwa tunawakaribia. Wenzangu kwenye benchi walikuwa wakipiga miguu chini, na kila walipopiga nilitaka wanyamaze.

Halafu alimpita Kinya kwa kushoto na mimi ndiye niliyekuwa karibu na kikapu. Nilitakiwa kwenda. Nikaenda, nikasimama mbele yake, naye akasimama ghafla kwa ule mguu ili arushe. Ulikubali, lakini kwa shida. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Alirusha, mpira ukaingia, akaanguka mikononi mwangu, akanisukuma.

Hapo ndipo nilipomwona Mama. Alikuwa ameingia uwanjani. Si kando, ndani kabisa, na aproni yake ya sokoni, viatu vikiwa na matope. Refa alipiga firimbi, akapiga tena.

"Mama, hapa ni mechi," akamwambia.

"Naona ni mechi," Mama akasema. "Nimefuata mtoto wangu."

Igoki alirudi nyuma hatua moja. "Mama, toka. Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie."

Akapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote, akateremsha soksi ndefu, akafungua ile bandeji bila haraka. Goti lilikuwa kubwa na linang'aa. Watu walionyamaza kwanza ni wale wa Ngunyiri. Kocha wao alikuja, akaona, akavua kofia. Mwanamke wa kofia ya buluu alisimama, akatazama, kisha akakaa chini akaangalia kwingine.

Igoki hakulia wakati huo. Alinitazama tu.

"Ni wewe," akasema.

Mama alimshika mkono wakatoka hadi benchi lao.

Mechi iliendelea. Ngunyiri waliingiza msichana mdogo, namba kumi na tano, mfupi kama mimi, na Mwalimu akanipa huyo. Tulidhani tumeshamaliza. Wao walicheza kama waliotukanwa. Walikimbilia kila mpira, na zikibaki sekunde chache tulikuwa mbele kwa pointi moja, mpira wao.

Nilitakiwa kumwangalia kumi na tano. Nilitazama benchi lao. Igoki alikuwa amefunikwa shuka, kichwa kifuani mwa Mama, mabega yanatikisika. Nilimtazama muda mfupi sana. Nilipogeuka, kumi na tano alikuwa nyuma yangu, peke yake chini ya kikapu, na mpira uko mikononi mwake. Kinya aliacha mtu wake akaruka kutoka mbali. Hakufika.

Tumepoteza kwa pointi moja, na aliyefungwa ni mimi.

Jumapili, 29 Machi

Jana kwenye basi hakuna aliyeimba. Nilikaa mbele peke yangu. Tulipopita Chuka, Kinya alikuja akakaa kando yangu. Nilingoja anitukane, maana safari hii nilistahili.

"Umekula?" akaniuliza.

Akanipa nusu ya chapati. Alikaa hapo mpaka Meru akitazama dirishani, macho yamevimba.

Tulipofika Mwalimu alinisaidia kushusha begi. Nilimwambia pole kwa mechi.

"Mechi tumepoteza sote. Pengo lilikuwa lako, na aliyepaswa kuliona mapema ni mimi," akasema. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini Kinya alimwendea. Nikasema ili tushinde.

"Alikuja kuniuliza kama mtu anaweza kuwa kiwete kwa kano kukatika. Alisema anajua la kufanya uwanjani na haoni raha. Ndiye aliyeniambia, 'Mwalimu, mfanye Kathambi aseme kwao.'"

Jioni nilimtafuta Kinya bwenini. Nilimkuta akifua soksi. Sikujua niseme nini, nikachukua zile zilizobaki nikafua naye.

Alhamisi, 2 Aprili

Tumefunga shule. Nilimwomba Baba ruhusa ya kwenda Gachoka. Hajawahi kulitaja jina la Mama tangu aondoke. Aliniuliza goti lina hali gani, nikamwambia sijui. Alikwenda shambani akarudi na mkungu wa ndizi, akaufunga kwa kamba. "Utawapelekea," akasema.

Jumamosi, 4 Aprili. Gachoka

Igoki haongei na mimi. Ananiomba chumvi kupitia kwa Mama, na Mama yuko hapo hapo mezani katikati yetu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Haongei.

Jumanne, 7 Aprili

Tulimpeleka Embu kupata majibu ya picha. Daktari alituonyesha kwenye kioo: kano imechanika zaidi ya nusu, haijakatika. Angecheza mechi moja zaidi, alisema, pengine sasa tungekuwa tunaongea kuhusu upasuaji. Sasa ni magongo, mazoezi ya kliniki, na kusiwe na kuruka kwa miezi mingi. Igoki aliuliza swali moja tu, kama mwaka huu kuna michezo atakayoweza kucheza. Daktari akasema hapana.

Yule kocha wa Nairobi hajapiga simu. Mama ameacha kuweka simu yake mezani.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo Mama alikwenda sokoni, tukabaki wawili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ngazi za nyuma zilikuwa zinateleza. Nilikuwa nachambua kunde barazani. Igoki alitokea mlangoni na magongo, akaangalia ngazi, akaangalia choo kule chini ya uwanja, akasimama. Niliacha kunde nikasimama pia, lakini sikumsogelea.

Alijaribu ngazi ya kwanza kwa gongo, likateleza.

"Sijakusamehe," akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Embu.

"Najua."

"Usidhani daktari akisema vile basi nimekusamehe. Ilikuwa yangu. Ningeamua mimi."

"Najua, Igoki."

Aliegemeza gongo moja ukutani. Halafu la pili. Akanyoosha mkono.

"Kuja hapa," akasema. "Hizi ngazi siziwezi."

Nilikwenda. Alinizungushia mkono shingoni, akanilalia kwa uzito wake wote, na tukaanza kushuka.